Kuumwa kwa Kihispania: uanze na "me duele" au "tengo"?

Mama mdogo wangu anaekaa Kimara anasafiri mwezi ujao kwenda Valencia, Hispania, binti yake kajifungua kule na anataka mama akae nae miezi miwili amsaidie. Mama mdogo ana presha ya miaka mingi, magoti yanamsumbua, shule aliishia la saba na Kiingereza hana. Na kuna siku binti atakuwa katoka, mkwe yuko kazini, yeye kabaki ndani na kichanga. Sasa majuzi kaniita, maana anajua nimetembeza wageni kwenye gari miaka kadhaa na Kihispania nimekiokota humo humo njiani, akaniuliza, "Mwanangu, nikizidiwa na wenyewe hawapo, kwa daktari nasemaje?"

Nikamwomba anipe siku mbili. Jibu la haraka haraka lingekuwa bovu, kwa sababu Kihispania kina njia zaidi ya moja ya kusema unaumwa, na ukianza na ile isiyokufaa utakariri wiki nzima alafu siku ya siku mdomo unakuwa mzito. Nimekaa nikaziweka bega kwa bega na naandika hapa kwa yeyote mwenye safari kama yake, awe muuguzi anaetafuta kazi kule, kijana aliepata nafasi ya kusoma Cuba, au dereva mwenzangu anaebeba wageni na hajui mgonjwa wake nyuma anasema nini.

Njia zenyewe ni hizi tatu:

Me duele la cabeza. Kichwa kinaniuma.
Tengo dolor de cabeza. Nina maumivu ya kichwa.
Estoy mareada. Nina kizunguzungu (anaongea mwanamke, mwanaume anasema mareado).

Zote sahihi, zote zinaeleweka Hispania mpaka Peru. Tofauti iko kwenye ipi inaingia kichwani mwa Mswahili kirahisi na ipi itakuangusha ukiwa na homa ya digrii 39.

Me duele

Hii naitetea kwa moyo wote na sababu ni kwamba sisi tayari tunayo. Angalia "kichwa kinaniuma", anaefanya kitendo pale ni nani? Ni kichwa. Mimi nimekaa katikati ya kitenzi kama ka-"ni" tu. Mhispania nae anafikiri hivo hivo, la cabeza ndo inafanya kazi ya kuuma na mimi nimewekwa mbele ya kitenzi kama "me". Akitaka kusema kinakuuma anasema te duele, kinamuuma ni le duele. Sisi tuna ni, ku, m, wao wana me, te, le. Mtu anaepitia Kiingereza hapa anateseka kweli, maana kule kwao kauli imekaa vingine kabisa na mwalimu inabidi apinde akili yake kwanza, wakati mama mdogo aliielewa akiwa anachambua mchicha.

Hata wingi hausumbui. Macho yananiuma, me duelen los ojos. Magoti yananiuma, me duelen las rodillas. Kitu kimoja duele, vitu vingi duelen, imeisha. Sisi tuliokua na ki, li, ya, i, u, zi zote zile tutashindwaje na mbili?

Alafu kuna hili la "changu". Hatusemi kichwa changu kinaniuma, mtu akisema hivo unamuona kama anasoma tafsiri, kwa sababu "ni" imeshasema kichwa cha nani. Wahispania vile vile, hawasemi mi cabeza, wanasema la cabeza, "me" imeshamaliza kazi. Watu wengi wanaojifunza wanakosea hapa na sisi tunapita bila hata kujua kulikuwa na shimo.

Iliyonifurahisha kuliko zote ni ya mtoto. "Mwanangu sikio linamuuma." Kihispania: A mi hijo le duele el oído. Mtu katajwa kule mbele, alafu karudiwa tena ndani, kwetu ni -m-, kwao ni le. Bibi anaeachiwa mjukuu anaihitaji hii kuliko hata ya kwake mwenyewe, kwaiyo mama mdogo nimempa: A la niña le duele la barriga, mtoto tumbo linamuuma, niña ni wa kike na barriga ni tumbo.

Na matamshi, duele inasomwa "dwele". Mama mdogo akanyamaza kidogo alafu akasema, "Kama ndwele." Yaliyopita si ndwele, tugange yajayo. Mi nilikuwa nimeongea neno hilo miaka yote na sikuwahi kuliona! Hazina undugu wowote, ni sauti tu zimekutana, lakini kwa kukumbuka hutapata kamba nzuri kuliko hiyo, ndwele ni maradhi na duele inauma.

Ukishaishika me duele, hujashika sentensi moja, umeshika ukoo mzima. Ngozi inaniwasha ni me pica la piel. Kinachochoma kama moto ni me arde, mfano kidonda, na kwenye haja ndogo ni me arde al orinar, hii watu wanaona aibu kuisema hata kwa Kiswahili ila daktari anaihitaji. Damu inanitoka puani, me sangra la nariz. Masikio yananivuma, me zumban los oídos. Kichwa kinanizunguka, me da vueltas la cabeza. Pumzi inanipungukia, me falta el aire, na hii naomba uikariri hata kama zingine zote utaziacha. Zote umbo lile lile, kitu fulani kinanifanyia mimi jambo fulani.

Hata presha! Sisi tunasema presha imenipanda, Hispania wanasema me ha subido la tensión, yaani neno kwa neno imenipanda presha. Ikishuka ni me ha bajado la tensión. Sukari imenishuka, me ha bajado el azúcar. Nilipomwambia mama mdogo hii akaniuliza kama nina uhakika sijamtungia.

Sasa ubaya wake. Me duele inakudai ujue jina la kiungo, na hapa Kiswahili chetu kinatuponza kwa sababu majina yetu ya mwili ni mapana. Mkono kwetu unaanzia begani mpaka kwenye kucha. Kwao brazo ni kuanzia bega mpaka kwenye kifundo na mano ni kiganja na vidole, ni vitu viwili. Mguu hivo hivo, pierna ni ule mrefu, pie ni kuanzia kwenye kifundo kushuka chini. Ukisema me duele el pie wakati tatizo liko kwenye paja, daktari atakuvua kiatu. Sikio nalo, oreja ni hili la nje linaloonekana na oído ni la ndani linalosikia, na mara nyingi la ndani ndo linauma. Jino la mbele ni diente, gego ni muela. Tumbo ndo usiseme, sisi tumbo linabeba kila kitu, la juu, la chini, la uzazi, la kuendesha, wao estómago ni zaidi lile la juu la chakula na barriga ni tumbo kwa ujumla kama tunavosema sisi, kwaiyo kama huna uhakika tumia barriga. Kidole peke yake tumelingana, dedo ni cha mkono na cha mguu pia.

Dawa ya shida hiyo ni sentensi moja: me duele aquí. Hapa ndo panaponiuma. Unagusa na kidole. Ukiwa na nafasi ya kubeba sentensi moja tu kwenye ndege, beba hiyo, maana inakuokoa na majina ya viungo yote kwa mpigo.

Tengo

Tengo ni "nina". Tienes ni una, tiene ni ana. Nguvu yake kubwa ni kwamba haibadiliki, unabandika neno mbele na maisha yanaendelea. Tengo fiebre, nina homa. Tengo tos, nina kikohozi. Tengo diarrea, naharisha. Tengo vómitos, natapika. Tengo escalofríos, natetemeka kwa baridi ya homa. Tengo náuseas, kichefuchefu. Tengo acidez, kiungulia. Hutafuti kimoja wala vingi, hutafuti mwanaume wala mwanamke.

Hapa pia Kiswahili kinatubeba sehemu ambazo wengine wanahangaika. Nina njaa, tengo hambre. Nina kiu, tengo sed. Nina usingizi, tengo sueño. Hata umri, sisi tunasema nina miaka 58 na wao tengo 58 años, na hilo ni swali utakaloulizwa mapokezi.

Kwa maumivu inakwenda tengo dolor de, alafu kiungo. Tengo dolor de espalda, nina maumivu ya mgongo. Tengo dolor de garganta, koo. Tengo dolor de muelas, meno. Ukiilinganisha na me duele, hii ni rasmi kidogo na inatosha, ila haina ukoo. Imesimama peke yake. Na kuna vitu inakuwa nzito mdomoni, mtu kajigonga goti sasa hivi hasemi nina maumivu ya goti, anasema goti linaniuma, na kule ni hivo hivo.

Inapoishinda me duele kabisa ni kwenye magonjwa unayoishi nayo. Tengo la tensión alta, nina presha ya kupanda. Tengo diabetes. Tengo asma, nina pumu, ile tunayosema kifua kinanibana. Tengo una úlcera, nina kidonda cha tumbo. Tengo alergia a la penicilina, nina mzio wa penisilini. Hivi ni vitu ambavyo haviumi muda ule unaongea lakini daktari asipovijua anaweza kukuumiza. Kwa mtu mwenye presha kama mama mdogo, tengo la tensión alta ina uzito kuliko me duele zote, na nilitaka kuikwepa hii kwa sababu nimeshaegemea upande mmoja, ila ukweli ndo huo.

Tahadhari moja ya joto. Sisi huku Dar mwezi wa kwanza kila mtu anasikia joto. Ukitaka kusema nasikia joto ni tengo calor. Usije ukasema estoy caliente, hiyo inasikika kama mtu mwenye hamu ya mapenzi, na mama mtu mzima akiisema mbele ya mkwe ni fedheha isiyofutika. Nasikia baridi nayo ni tengo frío.

Estoy

Hii sitakaa nayo sana. Ni nzuri, wenyewe wanaitumia kila siku, lakini kwa anaeanza mitego ni mingi. Mtego wa kwanza ni jinsia, mwanaume anasema estoy cansado, mwanamke estoy cansada, nimechoka, na sisi hatuna hicho kitu kwenye lugha yetu kwaiyo kila neno inabidi usimame ujiulize mi ni nani. Mtego wa pili ni kwamba kuna estoy na kuna soy, zote mtu anaweza kuzitafsiri "niko" au "ni", na zikigongana maana inahama. Hispania mgonjwa anasema estoy malo au estoy mala, naumwa. Akisema soy malo kajitangaza ni mtu mbaya.

Wa tatu ndo umewahi kutugusa kazini. Mwezi wa saba mmoja tulimpokea mama wa Kihispania, akatuambia estoy constipada. Mwenzangu anajua Kiingereza vizuri, neno likamkumbusha neno la kule la kufunga choo, akaenda duka la dawa akarudi na dawa ya kulainisha tumbo. Yule mama alikuwa na mafua. Basi. Hispania constipado ni mafua, na kufunga choo ni estreñido. Bahati nzuri alisoma boksi kabla hajameza, ila tulijisikia vibaya sana wote wawili, na kesho yake alikuwa na safari ya masaa mengi barabarani, fikiria angeinywa. Na ukivuka kwenda Amerika ya Kusini, sehemu nyingi constipado inarudi kuwa kufunga choo kweli, kwaiyo neno hilo lenyewe mi nimelifuta kabisa. Nasema tengo gripe nikiwa na mafua makali yenye homa, tengo un resfriado kwa mafua ya kawaida, tengo estreñimiento kwa choo. Umeona? Tengo inakuvusha.

Estoy mbili tu ndo nazisisitiza. Estoy embarazada, nina mimba, maana hapo tengo haitumiki na dawa nyingi zinategemea jibu hilo. Na estoy mareada au mareado, kizunguzungu na kichefuchefu cha safari. Neno limetoka kwenye mar, bahari, na anaepanda boti ya kwenda Unguja wakati wa kusi hahitaji maelezo zaidi. Nimelisikia mara nyingi mno pale kwenye mkondo, mgeni kashika chuma, uso mweupe kama chokaa, mareada, mareada.

Maneno yanayohama na bahari

Ukichagua sentensi angalia pia unaenda wapi. Presha Hispania ni tensión, Amerika ya Kusini ni presión. Kuwashwa Hispania utasikia picor, Mexico utasikia comezón. Plasta ya kidonda Hispania ni tirita, upande wa pili sehemu nyingi ni curita. Mbu ni mosquito popote, ila nchi nyingi za kule wanamuita zancudo. Hispania wanasema he cogido un resfriado, nimepata mafua, hicho kitenzi coger ni cha kawaida kabisa kwao, lakini Mexico na Argentina ni tusi, kwaiyo ukiwa na safari ya huko kisahau. Malaria wanaelewa kama malaria, na utasikia pia paludismo. Na hii kwa anaetoka Dar ni muhimu: ukishikwa na homa ukiwa kule, usiishie kwenye tengo fiebre, ongeza vengo de Tanzania, natokea Tanzania. Daktari wa Valencia hana sababu ya kuwaza malaria asipoambiwa umetoka wapi. Huku nesi anawaza malaria kabla hujakaa kwenye kiti, kule hakuna mazoea hayo.

Kuna neno jingine naliogopa, intoxicado. Mwaka 1980 kule Florida, Marekani, kijana wa miaka 18 alipelekwa hospitali hajitambui, familia yake wakasema intoxicado. Kwa Wacuba neno hilo ni mtu aliedhuriwa na kitu alichokula au kunywa. Waliompokea wakasikia neno la Kiingereza linalofanana nalo, wakaelewa kalewa au kazidisha madawa ya kulevya, wakamtibu hivo. Kumbe damu ilikuwa inavuja kwenye ubongo. Alipona akiwa amepooza mikono na miguu, na malipo ya fidia yalifikia kama dola milioni 71. Neno moja tu. Mi tangu nilisome hilo tukio, chakula kikimdhuru mtu namfundisha aseme kirefu, he comido algo malo y tengo vómitos, nimekula kitu kibaya na natapika. Maelezo ya kilichotokea yanamzuia anaekusikiliza asijaze mwenyewe.

Ujifunzie wapi

Programu za kwenye simu ziko nyingi na mi nilianza nazo. Zinakupa mazoea ya kila siku na sauti ya mzawa, hilo nalishukuru. Shida yake ni mbili, kwanza nyingi zinakufundisha kwa kupitia Kiingereza, kwaiyo lile daraja zuri la kinaniuma na me duele unalirukia juu unaenda kuzunguka mbali. Pili, utakaa wiki za mwanzo unajifunza mvulana anakula tufaha, wakati magonjwa yako mbele kabisa huko na safari ni mwezi ujao.

Mwalimu wa ana kwa ana ni mzuri ukimpata na ukiwa na muda, hasa kwa muuguzi, yule hana ujanja, lazima asome kwa utaratibu, maana yeye atatakiwa kuelewa majibu na sio kuuliza tu. Kwa mama mdogo mwenye wiki nne hapana.

Tulichofanya sisi ni daftari la kurasa nyingi na sauti za WhatsApp. Kushoto Kiswahili, kulia Kihispania kimeandikwa kinavosikika kwa herufi za Kiswahili ili asome anavosoma gazeti. Na hapa Mswahili ana bahati nyingine, a, e, i, o, u za Kihispania ni zile zile zetu, na maneno mengi mkazo uko silabi ya pili kutoka mwisho kama sisi, ka-BE-sa, gar-GAN-ta, es-PAL-da. Ukiona alama juu ya herufi ndo mkazo umehamia hapo, es-TÓ-mago. Ñ ni ny, riñón, yaani figo, soma rinyon. H haitamkwi, hinchado, yaani kilichovimba, soma inchado. LL soma kama y, rodilla ni rodiya. J ni ile kh ya koo, ojo ni okho. Z kwa sehemu kubwa ya Hispania ni th ya thelathini, kwaiyo Valencia atasikia kabetha, na nilimwandikia hivo hivo, c ya kwenye Valencia nayo ni th na v inasikika b, Balenthia.

Binti yake kule anamrekodia sentensi tano kila jumapili, yeye anasikiliza kwenye mwendokasi kutoka Kimara mpaka Kivukoni na kurudi, spika ya masikioni upande mmoja tu asipitilize kituo. Naona sauti ya binti inafanya kazi kuliko ya mashine, anairudia hata akiwa jikoni.

Kwaiyo nani achague ipi

Ukiwa na wiki moja au pungufu na huna ugonjwa wa kudumu, chukua me duele aquí na tengo fiebre, ongeza desde ayer, tangu jana, na desde hace tres días, siku ya tatu sasa. Zinatosha kuanza kutibiwa.

Dereva na muongoza wageni nawashauri waanze na maswali, kwa sababu nyie ndo mnauliza. ¿Le duele algo? Kuna panapokuuma? ¿Dónde le duele? Panauma wapi? Tumia le kwa mtu mzima, ni heshima, te ni kwa mtoto au mtu mliezoeana. ¿Desde cuándo? Tangu lini? Alafu msikilize, usijaze neno lake na Kiingereza.

Anaekwenda kusoma Cuba ana muda na atazungukwa na lugha yenyewe, huyo ashike ukoo wote wa me, mpaka se me duerme la mano, mkono unanifia ganzi, na estoy itakuja yenyewe kwa kusikia wenzie.

Mwenye presha, sukari, pumu au mzio, tengo kwanza kabla ya yote. Alafu jina la dawa, na hapa kuna unafuu kwa sababu majina ya kitaalamu yanafanana sana, amlodipine ni amlodipino, metformin ni metformina, losartan ni losartán. Beba na boksi lenyewe.

Mama mdogo nimempa kadi ya kuweka kwenye pochi, nyuma ya kitambulisho, imeandikwa kwa mkono hivi:

Tengo 58 años. Vengo de Tanzania.
Tengo la tensión alta. Tomo amlodipino.
Me duelen las rodillas.
Me ha subido la tensión.
Me falta el aire.
A la niña le duele aquí.

Chini yake kuna 112, namba ya dharura ya Hispania. Jana jioni nilipita kumsalimia, nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, alafu kabla sijakaa akaweka mkono kwenye goti akaniangalia usoni, "Me duele aquí, mwanangu, desde ayer." Nikadhani anafanya mazoezi. Kumbe goti lilikuwa linamuuma kweli tangu juzi usiku, tukaenda kutafuta dawa ya kuchua.